Kuku wa Mguu Wangu

Kila aliyekuja kunipa pole alinishika vidole vya mguu. Sijui ni nani aliyewafundisha. Mtu anapiga hodi akiwa tayari yuko ndani, na kabla hajaketi anakwenda moja kwa moja kwenye vidole vyangu vilivyochomoza kwenye hogo la plasta, anavibinya kama anayechagua nyanya sokoni. "Vina joto," anasema. Au, "Mbona vimepoa hivi?" Mikono ile ilikuwa imetoka kwenye pikipiki, kwenye dagaa, kwenye noti chakavu za nchi mbili, kwenye pua za watoto. Mimi nimelala kwenye kochi, mguu juu ya mito, siwezi hata kuurudisha nyuma. Nilitabasamu. Nilisema asanteni kwa kuja. Walipotoka nilimwita binti yangu aniletee kitambaa chenye sabuni.

Mguu niliuvunjia mpakani, mchana kweupe, nikitoka upande wa Zambia na furushi la vitenge kichwani. Foleni ya malori Tunduma inaanzia mbali, na sisi wachuuzi hupita katikati ya lori na lori kwa sababu hakuna pengine pa kupita. Bodaboda iliyopakia kreti za soda ikapenya hapo hapo. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Mwenye bodaboda alisimama, akaniangalia nilivyokaa kwenye matope yenye dizeli, akasema, "Pole mama, ila na wewe," kisha akawasha pikipiki akaenda zake. Mpaka leo nikilikumbuka hilo "ila na wewe" natamani kutema mate.

Hospitalini walinipiga picha, wakaniambia mfupa wa muundi umekatika, wakanifunga hogo kutoka chini ya goti hadi kwenye vidole, wakanipa magongo. Daktari alikuwa dada mdogo mwenye haraka. Nilimuuliza swali moja tu: Desemba nitaweza kusafiri? Akasema kwa gari nitaweza, mradi mguu uinuliwe na nisikanyage nao. "Kupumzika ndiyo dawa yenyewe, mama," akasema. Nilimshukuru kana kwamba amenipa kiwanja.

Niseme kwa nini niliuliza. Tangu niolewe, kila Desemba tunapanda Igamba kwa wazazi wa mume wangu. Wenzangu wa sokoni wakisikia naenda huko likizo wananionea wivu: hewa ya baridi, mashamba ya kahawa, maziwa ya asubuhi. Hawajui kwamba kahawa yenyewe mimi naiona kupitia moshi. Ukoo mzima hukusanyika, na mume wangu ni mtoto mkubwa, na mke wa mtoto mkubwa ndiye jiko. Naingia jikoni siku ya kufika, natoka siku ya kuondoka. Mume wangu yeye hugeuka mgeni. Anakaa barazani na ndugu zake wanazungumza habari za mbolea, na kila nikichungulia naona visigino vyake vimetulia juu ya stuli.

Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimemshinda. Alikubali kwamba hatutakwenda Igamba. Tungeteremka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, sisi wanne tu: yeye, mimi na binti zetu wawili, mkubwa aliyekuwa amemaliza kidato cha pili na mdogo aliyekuwa bado shule ya msingi. Alishapiga simu kwenye nyumba ya wageni, nikiwa nimekaa pembeni namsikiliza ili asije akajifanya amepiga. Mimi sikutaka kuogelea, wala sijui kuogelea. Nilitaka kukaa kwenye kiti, mtu mwingine aniletee sahani, nile, sahani iondoke, na nisijue imekwenda wapi. Hilo tu. Nilikuwa nimelitamani kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mguu ulipovunjika, nilichokililia barabarani si mfupa.

Mama mkwe wangu alifika kutoka Igamba akiwa na watu wawili, kama kuku naye ni mtu. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mkavu, muunga mifupa kutoka pande za Saza, ambaye sifa zake alizipata kwa wachimbaji dhahabu wanaoangukiwa na mashimo. Wa pili alikuwa mtetea mwekundu, amefungwa miguu, ananing'inia kichwa chini mkononi mwa mzee.

"Shikamoo babu," nilisema.

"Marahaba. Tutaliondoa hili," akasema, akigonga hogo langu kwa kucha. Kucha yenyewe ilikuwa nene, ya manjano, na ndani yake kulikuwa na kitu cheusi nisichotaka kukijua.

Nilikataa. Nilisema mtu akileta msumeno karibu na mguu wangu nitampiga gongo, awe nani. Mama mkwe akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama simu. Wakakubaliana, bila kuniuliza, kwamba hogo libaki na dawa iingie kwa kuku.

Mzee akamfungua yule mtetea. Akaushika mguu wake wa kushoto, upande uleule wa mguu wangu, akauvunja kwa mikono miwili kama mtu anayevunja ukuni. Mlio ulikuwa mdogo sana. Kuku alipiga ukelele mara moja kisha akanyamaza, akafungua mdomo na kuuacha wazi. Mzee akamfunga vijiti vya mianzi, akampaka mafuta meusi kutoka kwenye kopo la rangi, kisha mkono uleule ukaja kwenye goti langu na vidole vyangu. Mafuta yalikuwa ya uvuguvugu. Yalinuka kama kitu kilichokufa juzi. Nililala pale nikayasikia yakiteremka ndani ya hogo taratibu, mahali ambapo mkono wangu usingeyafikia kwa wiki kadhaa, na nilisikia kinyaa ambacho sijawahi kukisikia, hata nilipokuwa na mimba.

"Kuku akikanyaga, na mama atakanyaga," mzee akasema. "Akitembea sawasawa, mama amepona. Mkimsafirisha kabla ya hapo, mguu utageuka nyuma. Na walale chumba kimoja."

"Amina," akasema mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mzee wa kanisa. Sijawahi kumwona akikosa ibada. Akafumba macho, akaweka mkono mmoja juu ya goti langu na mwingine juu ya kuku, akatuombea wote wawili katika sala moja.

Nilimtazama mume wangu. Huyu ni mtu anayeshughulikia makaratasi ya malori mpakani, anabishana na maofisa kwa Kiingereza siku nzima, na nyumbani hukasirika mtoto akiamini habari za kwenye simu. Nilisubiri aseme kitu. Binti mkubwa akamuuliza, "Baba, kwa hiyo Matema?"

"Tusubiri kuku," akasema.

Nilimchukia kwa moyo wote jioni ile. Niliolewa na mtu mwenye akili zake, halafu mama yake akiingia mlangoni akili zinapelekwa stoo.

Basi nikaishi na kuku. Aliwekwa kwenye boksi pembeni mwa kitanda, mume wangu akahamia chumba cha watoto kwa sababu, alisema, harufu inamuumiza kichwa. Mimi kichwa changu hakikuulizwa. Kuku alinya kila alipoamka na kila alipolala. Alikuwa ananiangalia kwa jicho moja wakati nakula, na mimi nakula huku namwangalia anavyokunya. Kisha wakaja utitiri. Wale wadudu wadogo kama vumbi linalotembea walitoka kwenye boksi, wakapanda shuka, wakapanda mikono, wakagundua kwamba ndani ya hogo kuna joto na giza na mafuta. Nilichukua sindano ya kufumia nikaitumbukiza kati ya plasta na ngozi, nikajikuna mpaka machozi yakanitoka. Nilipoitoa ilikuwa na uchafu wa rangi ya ukoko. Niliutazama kwa muda. Sijui kwa nini mtu hutazama vitu hivyo, lakini hutazama.

Wageni waliendelea kuja. Sasa wakishamaliza vidole vyangu wanahamia kwa kuku, wanambinya na yeye, wanalinganisha. "Huyu yuko mbele yako," mama mmoja wa sokoni aliniambia, na nilijikuta nimeona wivu.

Ndipo nikaanza kumlisha. Naona haya kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kama watu wazima wenye kadi za kupigia kura walikuwa wameamua kwamba likizo yangu imo kwenye mguu wa kuku, basi huyo kuku atakula. Binti mkubwa aliponda maganda ya mayai akayachanganya na pumba na dagaa. Alikuwa anamsemesha: "Kula, mwenzetu, twende ziwani." Mimi nilimnywesha maji kwa kijiko. Nilikuwa namshika kwa kitambaa ili ngozi yangu isimguse, na bado nilisikia moyo wake unavyodunda kwenye vidole, na nikajisikia mjinga kabisa.

Kuku alipona. Alianza kwa kuegemea boksi, akaja kusimama, akaja kuvuka chumba akichechemea. Mtoto mdogo alipiga makofi. Mama mkwe, aliyekuwa amebaki kwetu, alikuja kuangalia, akasimama mlangoni, akatikisa kichwa.

"Anachechemea. Kuchechemea si kutembea."

Mzee wa Saza alirudi akamfungua vijiti, akampapasa mfupa, akasema kuunga umeunga, sasa afungwe kamba uani afanye mazoezi, na akitembea bila kuchechemea kazi imekwisha. Kuku akahamia uani, kamba mguuni, chini ya karo la kuoshea vyombo. Ukimwona hivyo, ni kuku yeyote aliyefungwa uani mwa mtu.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alikwenda kanisani na watoto. Nyumbani tulibaki mimi, mume wangu na wifi yangu mdogo, ambaye alikuwa amewasili jana yake kutoka Igamba kuja kusaidia, na ambaye kazi zake zote huzifanya kwa mbio ili arudi kwenye simu. Kabla ibada haijaisha wakaingia binamu wa mume wangu kutoka Nakonde, wanaume wawili na mke wa mmoja wao, wamevuka mpaka kuja kunipa pole.

"Mulishani, shemeji," wakanisalimia, na mikono ikaenda kwenye vidole.

Kama ilivyo desturi hawakuja mikono mitupu. Walileta kuku, mtetea mwekundu, maana kuku wa kienyeji pande zetu wengi ni wekundu. Mume wangu akampokea akamfunga uani chini ya karo. Kisha akamwambia dada yake, bila kunyanyuka, "Wachinjie wageni kuku, yuko pale kwenye karo."

Nilikuwa sebuleni, sikuona. Nilisikia maji yakichemka, nikasikia harufu ya manyoya yaliyolowa, harufu ambayo hata siku nzuri hunitia kichefuchefu. Chakula kikaja: ugali, mchuzi, mboga. Mgonjwa akapewa paja. Mke wa binamu ndiye aliyenichagulia, akaniwekea sahanini kwa mkono wake, akalamba vidole.

Nyama ilikuwa ngumu kidogo. Niliitafuna, nikaufikia mfupa, na ulimi wangu ukakutana na kitu. Katikati ya mfupa, mahali panapopaswa kuwa laini, kulikuwa na fundo. Nundu ya mfupa juu ya mfupa, kubwa kama punje ya mahindi. Niliipapasa kwa ulimi mara ya pili nikiomba nimekosea. Nikautoa mfupa mdomoni nikauficha kiganjani.

Nilikuwa nimemlisha mimi. Nilikuwa nimemnywesha maji kwa kijiko. Yale mafuta meusi yaliyoteremka mguuni mwangu yalikuwa yamepakwa juu ya nyama hii, na sasa yalikuwa kooni. Sikutapika kwa sababu ya hogo tu. Ningemwaga pale pale nilipolala.

Kabla sijasema neno, mama mkwe akarudi kutoka kanisani. Alipitia uani. Tukasikia mlio wa furaha.

"Njooni muone! Anatembea! Anatembea sawasawa kabisa! Asifiwe Bwana!"

Aliingia amembeba kuku wa wageni, amemshika kifuani kwa mikono miwili, uso unang'aa. Akamweka sakafuni. Kuku akatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye meza, miguu miwili mizima ambayo haijawahi kuumia, akadonoa punje ya wali wa jana. Watoto wakashangilia. Binamu wakatafuna huku wakitazama, hawajui ni nini kinachoshangiliwa. Wifi yangu, aliyekuwa ameshika bakuli la mchuzi, akamtazama kuku, akatazama bakuli, akanitazama mimi. Macho yake yalinisihi ninyamaze.

Nikanyamaza. Nilifumba kiganja juu ya mfupa nikanyamaza, kwa sababu niliona ziwa. Kuku ametembea. Kanuni ni yao, si yangu. Binti mkubwa alikuwa ameshanishika bega, ananong'ona, "Mama, tunakwenda."

"Kwa hiyo mkwe wangu amepona," mama mkwe akasema, akiketi na kujipepea na kitabu cha nyimbo. "Mungu ni mwema. Nilikuwa nawaza Krismasi tutaipikaje. Sasa tutapanda Igamba wote."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama, si tulisema akitembea tunakwenda Matema?"

"Matema mlikuwa mwende kupumzika," akasema kwa upole kabisa, kama anayemweleza mtoto. "Sasa mtu amepona, anapumzikia nini? Si umepumzika humu ndani mwezi mzima? Utakaa kwenye stuli, utapika umekaa."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anachokonoa meno.

"Mama ana hoja," akasema. "Matema haikimbii."

Nasema kweli, kuku wa dawa tumboni hakunitia kinyaa kama maneno yale. Nikiwa mgonjwa siwezi kwenda ziwani kwa sababu ni mgonjwa. Nikipona siwezi kwenda ziwani kwa sababu nimepona. Kumbe hakukuwa na mguu wowote, wangu wala wa kuku, ambao ungetufikisha Matema. Nilikuwa nimebeba mavi na utitiri kwa ajili ya kesi iliyokwishaamuliwa.

Nikafungua kiganja. Nikaweka mfupa mezani, katikati, karibu na ugali.

"Kuku wenu huyu hapa," nikasema. "Mpapaseni. Huyo mnayemshangilia ni wa wageni."

Mama mkwe akauchukua mfupa. Aliipapasa ile nundu kwa kidole gumba, na nikaona uso wake unasawijika. Binamu mkubwa akauliza kuna nini, mume wangu akajaribu kumweleza nusu kwa Kibemba, nusu kwa Kiswahili, na kadiri alivyoeleza ndivyo taya zilivyopunguza mwendo. Mke wa binamu akatoka nje akiwa ameziba mdomo. Tulimsikia kwenye karo. Alitapika kwa muda, na mimi nilimwonea wivu kwa sababu yeye angeweza kuinama.

"Hasafiri," mama mkwe akasema mwisho. Sauti ilikuwa imepungua. Aliogopa kweli, sitamsingizia. Aliamini mguu wangu umeliwa na watu wa nyumba yangu. "Tutatafuta kuku mwingine. Mguu unaanza upya. Hakuna kwenda ziwani."

"Wala Igamba," nikasema.

"Igamba si safari. Igamba ni nyumbani."

"Kuku amekufa, mama. Mimi sikanyagi popote."

Kanuni ilikuwa yake. Binti mkubwa aliondoa mkono wake begani kwangu. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemchinja kuku, na kwa namna fulani alikuwa na haki. Ningefunga mdomo ningekuwa na kitu cha kubishania. Lakini hasira zangu ndivyo zilivyo, zikishafika kooni hazirudi chini.

Wakaenda Igamba bila mimi. Mume wangu alisita kidogo mlangoni, akauliza nitabaki na nani, nikamwambia nitabaki na mguu. Alifurahi kuudhika, maana mtu akiudhika anaondoka haraka. Wasichana walikwenda naye. Niliwaacha waende kwa sababu bibi yao anawapenda, na kwa sababu, niseme wazi, nilitaka nyumba iwe kimya.

Ikawa kimya. Malori yalipiga honi barabarani lakini honi si mtu, haikubinyi vidole. Jirani aliniletea uji asubuhi na ugali mchana, akaondoka na vyombo vyake. Nilifuta chumba nikiwa nimekaa chini, najikokota kwa makalio, nikamwaga dawa ya wadudu kila pembe, nikachoma lile boksi uani. Nilikula mkate mzima kitandani. Nilijiambia kwamba hii nayo ni likizo, na karibu niamini.

Mkesha wa Krismasi, asubuhi, mama mkwe alipiga simu. Alikuwa na furaha, nyuma yake kelele za watu wengi.

"Mkwe wangu, usiwe na wasiwasi kabisa. Mjukuu wangu ameshika jiko lote. Lote! Anaamka kabla yangu. Mkono wake ni mwepesi kuliko hata wako ulipokuja." Akacheka. "Wewe mwakani pumzika tu huko mjini. Sisi tumeshapata mtu."

Nilisema asante mama. Mdomo wangu ulisema hivyo wenyewe, umezoea. Nilikata simu nikakaa nayo mkononi. Kisha nikaita teksi.

Dereva alikuwa mtu mzima, akanisaidia kuulaza mguu kwenye kiti cha nyuma juu ya begi la nguo, nguo zangu na za wasichana. Nilimwambia tunapitia Igamba, halafu tunaendelea mpaka Matema hata kama tutafika kesho. Hakuuliza. Mvua ilikuwa imenyesha, na tulipoacha lami gari lilicheza kwenye tope, kila mtikisiko unaingia mfupani.

Walikuwa wamechinja nguruwe. Nililijua hilo kabla ya kufungua mlango. Kuna kazi moja pale Igamba ambayo sijaitaja, kwa sababu hata kuitaja nachukia. Nguruwe akichinjwa, wanaume wanagawana maini hapo hapo, na utumbo unakwenda kwa mke wa mtoto mkubwa. Anakaa nyuma ya jiko na beseni, anaukamua, anaupindua nje ndani kwa kijiti, anausugua kwa chumvi, anarudia mpaka maji yawe meupe. Harufu haitoki kwenye kucha hata ukimenya limau. Nimezila Krismasi nyingi mkono wa kushoto, ulioshika utumbo, nimeuficha mgongoni nisiunuse.

Alikuwa amekaa pale pale nilipokuwa nakaa. Kanga yangu kiunoni, mikono imezama hadi viwiko, kijiti mdomoni. Mtoto wangu wa kidato cha pili. Maji ya beseni yalikuwa ya kijani na yana vipande. Aliponiona alitoa kijiti mdomoni, akatabasamu, lakini hakusimama.

"Njoo," nikamwambia. "Panda gari, twende Matema. Mdogo wako yuko wapi?"

"Ngoja nimalizie, mama," akasema, na mikono ikarudi ndani ya maji. "Bado kidogo. Bibi atajisikia vibaya."

Ilikuwa sauti yangu. Si kwamba ilifanana na yangu. Nilikuwa nimeyasema maneno yale yale, mahali pale pale, kila mwaka, na yeye akiwa mdogo amesimama pembeni ananisikia. Kichefuchefu kilinipanda, na safari hii hakikuwa cha utumbo wala cha mtu mwingine yeyote. Nilijionea kinyaa mimi mwenyewe.

Niliingiza gongo chini ya ukingo wa beseni nikalipindua.

Maji yakamwagika yote, utumbo ukateleza kwenye tope, kuku na mbwa wakaja mbio. Mtoto akaruka na kusimama. Watu wakatoka jikoni, wakatoka barazani. Mama mkwe akafika akiwa ameshika kichwa.

"Kumbe unatembea!" akasema. Kisha akatazama chini. "Na huu utumbo sasa nani ataumalizia?"

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya baraza, sahani ya maini ikimsubiri kwenye stuli, na binti yetu mdogo alikuwa ameinamisha jagi anammiminia maji mikononi. Nilimwita mtoto, naye akaweka jagi chini akaja.

"Mtoto wako mkubwa huyo hapo, mama," nikasema, nikimwonyesha mume wangu kwa kidevu. "Mikono ameshanawa."

Wasichana wakaingia kwenye gari. Na mimi nikaingia, na kuingia kwenyewe kulichukua muda mrefu, wote wakinitazama, maana mguu ulikuwa haujapona.